Mlango Usio na Ugonjwa

Walinituma Kadutu, hospitalini, nikatengeneze mlango.
Nikaukagua: bawaba nzima, kitasa kizima,
mbao haijaguswa na mchwa.
Nikamwambia muuguzi, Mama Ntakwinja,
"Mlango huu hauna ugonjwa."
Akajibu bila kuinua macho:
"Unao. Unapiga kelele."

Nikacheka. Mimi ni mtu wa nyundo,
miaka ishirini nalala Nyamugo ukuta kwa ukuta na kinu cha mihogo,
chini ya mabati ambayo mvua huyabisha kama mdai.
Kelele kwangu ni hewa.

Akanivua kandambili, akaninawisha hadi viwikoni,
akanisimamisha mbele ya sanduku la kioo.
Karatasi ilisema: wa Nsimire, wa kiume,
gramu elfu moja na mia mbili.
Mfuko wangu wa misumari ulimzidi.
Ngozi yake ganda la ndani la kitunguu,
unaona damu inavyotafuta njia.

"Mtazame huyo," akasema. "Huyo tu."

Sikujua tunasubiri nini.
Mwanamke wa ndoo akaingia na ndoo yake,
na nyuma yake mlango ukajirudia —

paa!

Mikono ile midogo ikaruka, vidole vikachanuka
kama vya mtu anayeporomoka mlimani
na hakuna hata kijiti cha kushika.
Namba ya kijani kwenye mashine, tisini na nne,
ikaanza kushuka ngazi:
tisini, themanini na saba, themanini na moja,
mashine ikapiga yowe,
na yowe la mashine likamshtua tena.

Ntakwinja akaingiza mkono,
akafunika kichwa kile kwa kiganja, akatulia.
Akatulia hasa, kama anayesikiliza maji chini ya ardhi.
Namba ikapanda, ikichechemea.
"Jana nilihesabu," akanong'ona.
"Mara mia moja na arobaini, kabla ya chakula cha jioni."

Nikatoka. Kandambili zangu za bluu zilikuwa pale kizingitini.
Nikazikata vipande sita, nikavigundisha kwenye fremu,
vitatu juu, vitatu ubavuni.
Bawaba nikazipaka mawese.
Kigari cha dawa nikakivisha mpira wa tairi la pikipiki.
Mwanamke wa ndoo akaniletea ndoo:
"Na huyu je, fundi? Naye ana mdomo."

Siku zilizofuata nilikuwa narudi bila kuitwa.
Akina mama walileta vikwembe, wakafunika masanduku,
ndani kukawa na usiku wenye maua ya njano.
Jenereta lilihamishiwa nyuma ya jikoni
baada ya barua tatu na ugomvi mmoja.
Nikatengeneza kiti ambacho hakuna aliyekiagiza,
chenye mgongo wa kulalia,
maana Nsimire alikuwa amekaa kwenye benchi la korido tangu Jumanne
akiruhusiwa kumwona mwanawe kama mfungwa, kwa saa.

Sasa mtoto yuko kifuani mwake, ngozi kwa ngozi,
kofia ya sufi imemziba hadi nyusi.
Anamwambia kitu kwa Mashi. Sikiliza:
siku zote alikuwa akimwambia,
ila mlango ulikuwa ukimkatiza.

Wetu alizaliwa mapema pia, miaka minne iliyopita.
Mimi sikuingia. Nilibaki verandani
nikibishana na mtu bei ya mbao.
Baada ya mazishi mke wangu alisema jambo moja tu:
"Mule ndani kulikuwa na kelele."
Nikadhani anasema vilio.

Jioni nilishuka Nyamugo peku, tope hadi vifundoni.
"Viatu viko wapi?" akauliza.
Nikafunga mlango kwanza,
polepole,
kwa mikono miwili.